Kelele za makontena zisitunyime usingizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya kelele za usiku zinazotokana na shughuli za bandari hapa Temeke.

Kwanza nieleze kuwa sipingi bandari. Bandari ya Dar es Salaam ni mali ya Taifa, na majirani zetu wa Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na Malawi wanaitegemea. Ninachopinga ni mtindo wa kumwona mkazi wa Kurasini, Keko au Mtoni kama mtu asiye na haki ya kulala.

Kelele zinazotusumbua zaidi si za meli. Ni za yadi za makontena zilizo katikati ya makazi, na za malori yapitayo Barabara za Mandela na Kilwa. Kontena tupu likitua juu ya jingine hutoa kishindo cha kumwamsha mtaa mzima. Lori likirudi nyuma hulia king'ora. Likingoja zamu, injini hunguruma chini ya dirisha la mtu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi za Ulaya kwamba kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40. Masikio yetu hayatofautiani na yao.

Wako watakaosema mizigo lazima isafiri usiku, maana mchana barabara zimejaa. Ni kweli. Lakini kusafirisha mzigo ni jambo moja, na kupanga makontena matupu saa nane za usiku ni jambo jingine. Hilo la pili linaweza kungoja asubuhi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 nazo zipo. Kwa hiyo nawashauri wahusika wapime kelele hizo usiku, siyo mchana peke yake. Yadi zilizopakana na nyumba ziwekewe saa za kazi, na malori yatafutiwe maegesho mbali na makazi. Aidha, bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, iliyozinduliwa mwaka 2025, itumike kikamilifu. Mizigo mingi iende huko kwa reli, ili yadi za mitaani zipungue.

Mtoto asiyelala husinzia darasani, na mfanyakazi asiyelala ni hatari mbele ya mashine. Tukitaka watu wachape kazi mchana, tuwaache wapumzike usiku.

Mkazi wa Mtoni,
Temeke, Dar es Salaam.