Stafeli Tule, Hospitali Twende

Huenda ujumbe huu umekwisha kukufikia kwenye simu: majani ya mstafeli yana nguvu mara 10,000 kuliko dawa za saratani za hospitali, mtumie na mwenzako. Kabla hujautuma, muulize aliyekuletea ni nani kwao anayeumwa. Mara nyingi yupo.

Habari yenyewe haikuzuka hewani. Mstafeli una kemikali ziitwazo asetojenini, na maabarani zimeua seli za saratani ya matiti. Lakini kwenye kisahani cha maabara hata siki kali huua seli. Kazi ngumu ni kuufikia uvimbe ndani ya mtu aliye hai bila kumharibia ini na mishipa ya fahamu, na hilo halijathibitishwa kwa mstafeli. Tena kule Guadeloupe, watafiti wamehusisha kutumia sana tunda hilo na chai ya majani yake na ugonjwa wa mwili kukakamaa na kutetemeka.

Mimea siidharau hata kidogo. Paklitakseli, dawa ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hutundikiwa kwa dripu, asili yake ni gome la mti wa Marekani, Taxus brevifolia. Gome lilikusanywa mwaka 1962. Dawa ikaruhusiwa huko kwa saratani ya matiti mwaka 1994. Muda wote huo ulikwenda katika kuchuja, kupima na kujua kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru. Mti wenyewe ni sumu, na mgonjwa aliyejichemshia gome lake angejimaliza.

Kwa hiyo tule: stafeli lililoiva kwa kiasi, mchicha, kisamvu, maharage, nyanya. Chakula cha namna hii husaidia kuzuia unene, ambao kwa mwanamke aliyekoma hedhi huongeza hatari ya saratani ya matiti. Pombe nayo huiongeza. Soya isiwatishe: wanawake 5,042 wa Shanghai waliougua saratani ya matiti walifuatiliwa, na miongoni mwa waliokula soya zaidi vifo vilikuwa vichache.

Ila dada au shangazi akigusa uvimbe kwenye titi, usimwache aanze na sufuria ya majani. Nenda naye kupimwa, au mchangie nauli, au ubaki na watoto wake. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu afike kituoni. Wengi wetu huanza safari hiyo uvimbe ukiwa umeshasambaa. Na anayekunywa majani tayari asikaripiwe, maana ataficha. Daktari anapaswa kujua, kwani baadhi ya mitishamba, hata maji ya balungi, hubadili utendaji wa dawa mwilini.

Nawe unayeuza majani sokoni, mteja akikutajia uvimbe, mwulize kama ameshapimwa. Kama bado, leo usimuuzie. Mwelekeze kituo cha afya.