Bei za supamaketi kwenye intaneti: inategemea nani anazitazama

Mama anayetafuta mchele mjini Lubumbashi au Bukavu hulinganisha bei kwa miguu. Anaingia duka la kwanza, anauliza, anatoka, anaenda la pili, na akichoka ananunua pale alipochokea. Mwenye duka anajua kwamba atachoka. Ndiyo maana wengi wanapenda wazo la bei zote kuonekana kwenye simu: ghali ajulikane, mwenye bei nafuu apate wateja. Wazo ni zuri, lakini kuna mahali lilishusha bei na kuna mahali liliipandisha.

Israeli ni mfano wa kwanza. Mwaka 2011 watu waliingia barabarani kwa hasira ya gharama ya maisha, na bei ya jibini ilikuwa kati ya mambo yaliyowasha moto. Sheria ya vyakula ikapitishwa mwaka 2014, na tangu 2015 makampuni makubwa ya supamaketi yakalazimika kuweka kwenye intaneti bei ya kila bidhaa katika kila duka lao. Wachumi Itai Ater na Oren Rigbi walifuatilia jambo hilo na kukuta bei zimeshuka kwa asilimia 4 hadi 5. Kwa familia inayokula nusu ya mapato yake, hiyo si kidogo.

Lakini kazi kubwa haikufanywa na akina mama kwenye simu. Wenye kuingia kwenye kurasa za kulinganisha hawakuwa wengi. Waandishi wa habari ndio waliochukua bei hizo na kutangaza duka gani ni ghali na lipi ni nafuu. Maduka ya bei ya chini nayo yakazitumia katika matangazo yao. Ghali akaona aibu, kisha akashusha.

Denmark iliona kinyume. Mwaka 1993 mamlaka ya ushindani ilianza kutangaza bei halisi za beto, ile ya kujengea inayoletwa na lori tayari imechanganywa. Ilidhani wauzaji watashindana. Haikupita mwaka, bei zikapanda kwa asilimia 15 hadi 20. Zamani kila kampuni ilikuwa inampunguzia mteja mzuri kwa siri, kama vile mchuuzi wa Kadutu anavyotoa matabishi kwa mteja wake wa kila siku. Bei zilipowekwa wazi, aliyepunguza alionekana na wenzake mara moja, nao wakamfuata. Basi kwa nini apunguze, kama hapati mteja hata mmoja zaidi? Wote wakapumzika, na mjenzi akalipa.

Hatari hiyo ipo pia kwa supamaketi, hasa katika mji wenye maduka makubwa mawili au matatu tu. Ukurasa wa bei ambao wanunuzi hawausomi utasomwa na wenye maduka kila asubuhi, na hawatahitaji hata kukutana ili wapatane.

Kongo haikosi sheria. Ile ya tarehe 9 Julai 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani inamwachia muuzaji apange bei yake, lakini inamtaka aionyeshe. Kinachoonyeshwa dukani mara nyingi ni nusu ya bei. Kibandiko kinasema dola, mteja analipa franka, na kiwango cha kubadilisha ni cha duka lenyewe. Maduka mawili yanaweza kuandika dola 5 kwa mafuta yaleyale na yasichukue franka sawa. Kulinganisha dola peke yake ni kumdanganya mnunuzi, tena kwa namba safi.

Kwa hiyo gazeti, redio au chama cha watumiaji kitakachoanza kazi hii kisianze na programu ya simu yenye bidhaa elfu. Kichukue kumi zinazoliwa kila siku: unga, mchele, sukari, chumvi, mafuta, maziwa ya unga, sabuni na nyingine chache. Kitangaze kila juma bei ya franka inayolipwa kwenye kasa, pamoja na jina la duka, kwa kilo na kwa lita. Kopo la Guigoz na meka ni vipimo vizuri vya sokoni, ila havilingani kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Orodha fupi kama hiyo inaingia katika ujumbe mmoja wa WhatsApp na inasomeka redioni kwa dakika mbili, hata kwa mama asiye na megabaiti.