"Ukiumwa, Uje": Wagonjwa wa Seliaki Tunaoachwa Tujitibu

Jalada langu la matibabu lina karatasi nyingi za miaka ya mwanzo na karatasi chache mno za miaka iliyofuata. Zile za mwanzo ni za Uingereza, nilikokuwa nikisomea shahada ya uzamivu. Huko ndiko upungufu wangu wa damu, uliokuwa umeshinda kila kidonge cha madini ya chuma, ulikopewa jina: ugonjwa wa seliaki. Niliporejea nyumbani nilimkabidhi barua ya hospitali daktari mmoja, mtu muungwana na mwenye elimu yake. Aliisoma, akainua macho, akaniambia: "Dokta, si umeshaambiwa usile ngano? Basi, usile. Ukiumwa, uje."

Simlaumu kwa ukali wowote, maana hakuwa na ukali. Ninachokilaumu ni kauli yenyewe, kwa kuwa nimeisikia tena na tena, na kwa kuwa ndani yake mna kosa la kitabibu lililovikwa joho la ushauri mwema.

Seliaki si mzio, wala si tumbo la deko. Ni hali ambayo kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba kila mgonjwa anapokula gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula husagika, na mtu akawa anakula vizuri huku mwili wake una njaa. Haina dawa ya kuiponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Hapo ndipo wengi wetu, madaktari kwa wagonjwa, tunapodhani mazungumzo yamekwisha, ilhali ndiyo kwanza yanaanza.

Kwa maana utumbo hauponi kwa sababu tu mgonjwa ameahidi. Watafiti wa Kliniki ya Mayo nchini Marekani walichapisha mwaka 2010 matokeo ya kuwafuatilia watu wazima wenye seliaki: baada ya miaka 2 tangu kugunduliwa, ni asilimia 34 tu ambao utumbo wao ulithibitika kupona, baada ya miaka 5, asilimia 66. Na utumbo usiopona hauna desturi ya kupiga kelele. Mgonjwa anaweza kuwa hana kuhara wala tumbo kujaa, vipimo vya damu vya kinga navyo vikarudi safi, na bado vinyweleo vimelala. Wakati huohuo mifupa inapungua uzito taratibu, damu inakosa chuma, foliki na vitamini B12, tezi ya shingo inaweza kuanza kushambuliwa, wengu unaweza kudhoofika kiasi cha kumwacha mtu wazi kwa vijidudu vya nimonia. Kwa wachache, mwisho wake ni saratani ya limfu ya utumbo. Sasa mtu wa namna hii unamwambia aje akiumwa? Aumwe nini? Siku nyonga itakapovunjika kwa kujikwaa kwenye kizingiti, atakuwa ameumwa kweli, nasi tutakuwa tumechelewa miaka 15.

Wapo watakaonijibu kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba nchi yenye malaria na vifo vya wazazi haina anasa ya kuuhangaikia. Hoja ya kwanza ni ya uvivu. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa watoto wa Kisaharawi, watu wa Afrika hii hii waishio kambini nchini Algeria, na ikaonekana kuwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikuwa na seliaki. Huko Ulaya kwenyewe hukadiriwa kuwa mtu 1 katika 100. Kaskazini mwa India ugonjwa huu unajulikana vizuri, na wenye asili ya huko wamo miongoni mwetu tangu enzi za majahazi na reli.

Hoja ya pili inastahili heshima zaidi, lakini nayo haisimami. Hakuna anayeomba jengo jipya wala mashine ya ajabu. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2015 unataka mgonjwa aonwe mara moja kwa mwaka: apimwe uzito, aulizwe dalili, anachokula kitazamwe, na ikibidi aonane na mtaalamu wa lishe. Mara moja kwa mwaka! Sisi ndio tuliojenga kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambako mgonjwa ana kadi, ana tarehe, na asipofika anatafutwa. Hatuwezi kusema kwamba Mwafrika hajui kumfuatilia mgonjwa asiyelalamika. Tunajua sana. Tumechagua tu ni nani wa kufuatiliwa.

Kisha kuna hili neno "usile ngano", linalosemwa kana kwamba ngano hutembea na kitambulisho. Ugali, wali, ndizi, muhogo, ulezi: hapo tumebarikiwa kuliko Waingereza. Lakini mahindi yangu yanasagwa kwenye mashine ya mtaani iliyotoka kusaga ngano ya jirani. Chipsi zangu zinazamishwa katika mafuta yaliyokaanga sambusa. Uji wa lishe una nafaka saba na muuzaji anakumbuka tano. Msibani ukikataa chapati unaonekana una lako jambo. (Mkatoliki naye ana mtihani wake: Vatikani ilikumbusha mwaka 2017 kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Misa, ila yenye gluteni kidogo yafaa.) Haya yote ni kazi ya mtaalamu wa lishe aketiye na mgonjwa na kumuuliza anakula wapi, siyo kazi ya sentensi moja mlangoni.

Na kuna jambo ambalo sijamsikia yeyote akilisema. Tangu kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano wa viwandani nchini Tanzania hutakiwa kuongezwa chuma na asidi ya foliki. Unga wa mahindi wa viwandani pia, ila wengi wetu tunasagisha mtaani, ambako kirutubishi hicho hakifiki. Kwa hiyo mgonjwa anayetii agizo la daktari anaweza kuwa anajiondoa palepale dola lilipoweka madini anayoyakosa. Utii wake unamgharimu, na hakuna anayempima kujua umemgharimu kiasi gani.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kipimo cha mifupa, vitamini, chanjo ya nimonia na saa moja ya mtaalamu wa lishe kwa mgonjwa wa seliaki viandikwe humo kwa majina yake, visiachwe kwa huruma ya mfuko wa mgonjwa. Na ndugu zake wa damu wapimwe, kwa sababu takriban 1 kati ya 10 naye anao.

Mwezi ujao nitarudi kwa daktari yuleyule. Siumwi. Nimemwandikia orodha ya vipimo kwa mkono wangu, na chini yake nimeacha mstari mtupu, aandike tarehe ya mwaka ujao.