Juu ya Kuchagua Mji wa Kuzuru Ng'ambo

Wahenga walituusia: tembea uone. Hawakusema tembea uonekane. Usia huo ni mfupi, lakini umebeba tofauti kubwa, na insha hii yataka kuitetea tofauti hiyo mbele ya wasomi wanaokaribia kuisahau.

Desturi ninayoshindana nayo ni hii. Mwanafunzi au mwalimu wetu akijaliwa likizo na nauli ya kwenda ng'ambo, hutamani kuzuru miji ya kale iliyo kando ya bahari. Tamaa hiyo ni njema, maana mtu wa pwani huitambua pwani nyingine kama ndugu amtambuavyo ndugu. Lakini aingiapo katika kuchagua, hajiulizi anataka kujua nini. Huuliza mji upi unasifiwa kupita mingine, kisha hupanga majina katika safu: Venice siku mbili, Dubrovnik siku moja, Barcelona siku mbili, halafu nyumbani. Akirudi huulizwa ameona nini, naye hutoa picha. Picha hizo ni zile zile alizokwisha kuziona kabla ya kuondoka. Basi alifuata nini huko?

Wako watakaonijibu kwa methali, kwamba kizuri chajiuza. Sikatai kuwa Venice ni mji mzuri. Nakataa kuwa uzuri peke yake ni sababu ya kutosha. Bidhaa ijiuzayo huisha dukani, na mji nao waweza kuisha. Mwaka 1951 visiwa vya mji wa kale wa Venice vilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 hesabu yao ilishuka chini ya 50,000. Sababu za kuhama ni nyingi: kodi kubwa za nyumba, uchache wa kazi, na maji yapandayo, kama yale mafuriko makubwa ya Novemba 1966. Lakini hapana mtu awezaye kukana kwamba nyumba nyingi za wenyeji zimegeuzwa malazi ya wageni, na kwamba palipouzwa mboga sasa pauzwa kumbukumbu za safari. Wenye mji wamejitahidi kujikinga. Mwaka 2021 meli kubwa za abiria zilizuiliwa kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko, na mwaka 2024, kuanzia Aprili 25, mgeni wa kutwa alitozwa euro 5 katika siku zilizotajwa. Mji ukifika kutoza kiingilio, umekiri kwamba wageni wake wengi huja kama waendao kwenye maonyesho. Mtu akaaye humo saa sita, akapiga picha darajani, akarudi melini kula, hakuuzuru mji. Ameukanyaga.

Jambo hili lapasa kutuuma sisi kuliko watu wengine, kwa kuwa sisi nasi tu wenyeji. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Tunajua ilivyo kutazamwa na mtu asiyetaka kujua jina letu. Jambo tusilolipenda barazani kwetu, kwa nini tulipeleke katika vizingiti vya wenzetu?

Sasa nitataja mji mmoja ambao msomi wa Kiswahili ana sababu ya kuuchagua, nao ni Lisbon. Wasafiri wetu wafikao huko hupanda magari ya reli yapandayo vilima, hula samaki, huota jua katika fukwe za Cascais, na huondoka wakiwa radhi. Wachache mno huingia katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Humo mna chombo cha ibada cha Kanisa Katoliki, kilichofuliwa kwa dhahabu na kupakwa rangi za kioo, kazi iliyokamilika mwaka 1506 na ambayo fundi wake hutajwa kuwa Gil Vicente. Maandishi yaliyochorwa katika kitako chake yanaitaja dhahabu ilikotoka. Yanataja Kilwa.

Habari yake ni hii. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu za vita, akamlazimisha Amiri Ibrahim, aliyetawala mji, kutoa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ilikuwa imetoka katika bara ya Zimbabwe ikapita Sofala, na biashara yake ndiyo iliyoinua Kilwa hata Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, akausifu mji huo. Da Gama aliifikisha Lisbon mwaka 1503, na Mfalme Manuel akaamuru ifanywe chombo kile. Kodi haikuleta amani. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji wa Kilwa kwa silaha, na mwezi uliofuata akauteketeza Mombasa. Kisha msomaji aende Belém, katika nyumba ya watawa ya Jerónimos, ambayo sehemu ya gharama za ujenzi wake ilitoka katika ushuru wa biashara ya Afrika na Asia. Humo atalikuta kaburi la Vasco da Gama, limechongwa kwa ustadi. Mtu aliyesimama mbele ya vitu viwili hivi, naye anajua habari yake, amezuru Lisbon. Aliyepita nje akila ndizi na kuitazama bahari, amebadili hewa tu.

Lakini nina sharti, na sharti hili ndilo kiini cha ugomvi wangu. Haifai kwenda Lisbon kabla ya kwenda Kilwa. Nimezungumza na wasomi waliofika katika miji mitano ya Ulaya, ambao hawajavuka ule mkono mfupi wa bahari utengao Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani. Hawajaingia katika Msikiti Mkuu na kuona safu za nguzo na kuba zake, wala hawajasimama Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari. Mtu wa namna hiyo akifika mbele ya sanduku lile la kioo, ataiona dhahabu asiione Kilwa. Atasema, tazama Wareno walivyokuwa mafundi. Naye atakuwa amesema kweli nusu, na nusu ya kweli ni mwalimu mbaya.

Mji mwingine ulio na haki hiyo ni Muscat. Wareno waliushika mwaka 1507 wakafukuzwa mwaka 1650, na Waomani hao hao ndio walioiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Ngome za Jalali na Mirani zingali zasimama juu ya bandari ya Muscat, na atazamaye ataona ndugu wa ngome yetu. Tena huko msafiri atasikia Kiswahili katika nyumba nyingi, kwa watu ambao wao au wazee wao walitoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi wakaingia Oman baada ya 1970. Mazungumzo ya alasiri moja na mzee wa namna hiyo yana faida kuliko minara kumi. Aende wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, kwa maana joto la kiangazi cha huko halina huruma.

Najua majibu yatakayoletwa. La kwanza, kwamba likizo ni pumziko wala si darasa. Nami nasema pumziko halihitaji Venice. Kivuli cha mwembe na kitabu kizuri vyatosha, na nauli yake ni ndogo. La pili, kwamba nawanyima watu uzuri usiohusiana na nasaba yao. Sivyo. Atakaye kwenda Venice kwa sababu anajifunza ramani za kale, akaitazame ile ya Fra Mauro, iliyochorwa karibu na mwaka 1450 ikaonyesha bahari imezunguka kusini ya Afrika kabla Mreno yeyote hajapita, huyo aende kwa baraka zangu, akae wiki nzima, alale mjini na kununua mkate kwa mwokaji. Ana swali, na mwenye swali hapotezi njia. La tatu, kwamba kukumbuka Kilwa katika Lisbon ni kuchochea chuki. Watu wa Lisbon wa leo hawakumtoza Amiri Ibrahim kodi, na hakuna sababu ya kuwanunia. Bali kujua si kuchukia. Asiyejua ndiye huchukia upesi na kusamehe bure.

Kwa hiyo shauri langu ni jepesi. Miji mitatu kwa wiki mbili ni mingi. Mmoja watosha, na nauli itakayobaki ni siku zaidi za kukaa. Kabla ya kununua tikiti, msomaji na aandike katika karatasi swali moja analotaka kuuliza mji huo. Karatasi ikibaki tupu, basi fedha na ziwekwe. Kilwa ipo, na chombo cha kuvukia hakikosi.