Ujumbe usitangulie malipo

Tangu 2017, Serikali ya Tanzania ilipoanzisha mfumo wa malipo wa GePG, kontroli namba, yaani namba ya kumbukumbu ya malipo, imekuwa sehemu ya maisha kuanzia Bunju hadi Bagamoyo. Mchuuzi wa samaki akilipa ushuru kwa simu, husubiri ujumbe wa uthibitisho. Wanaounda mifumo ya aina hii, iwe ya halmashauri au ya biashara, wasiache ujumbe huo utumwe moja kwa moja na triga, yaani amri inayojiendesha rekodi inapoingia kwenye kanzidata. Kwa kawaida triga hufanya kazi muamala ukiwa bado haujakamilika. Hitilafu ikitokea hatua ya mwisho, kanzidata hufuta kila kilichoandikwa, lakini ujumbe uliokwisha kuondoka haurudi: mchuuzi anao uthibitisho mkononi, na kwenye kumbukumbu za mtoza ushuru hamna kitu. Mtandao wa simu nao ukikwama, muamala wote hukwama.

Wapo watakaosema triga haisahau, rekodi iingizwe na programu yoyote ile. Ni kweli, na faida hiyo tusiitupe: triga iandike tu mstari kwenye jedwali la kazi zinazosubiri, ndani ya muamala uleule. Muamala ukivunjika, mstari nao hufutika. Ukikamilika, programu nyingine huusoma na kutuma ujumbe, na ikishindwa hurudia. Kila kazi ipewe namba yake ili marudio yatambulike. Kuchelewa sekunde chache ni gharama ndogo, mradi mwananchi aweze kuamini anachosoma kwenye simu yake.