Shitingi Chini ya Pikipiki

Ukitaka kuchekwa kwenye steji ya boda, taja neno "mazingira". Watakwambia hiyo ni kazi ya mashirika, wale wa gari nyeupe na fulana za bure. Ukiongeza neno "mashindano", watacheka zaidi. Ati mbio za pikipiki na mazingira vinakutana wapi? Mimi nasema vinakutana chini ya injini, pale oili inapodondokea. Na hapo ndipo sisi vijana wa Nakivale tunajidanganya kila siku.

Tuanze na mbio zenyewe, maana wengi wetu tunaziangalia kwenye simu na kuona tu kasi. Shirikisho la pikipiki la dunia, FIM, lina kanuni ya mazingira tangu miaka ya 1990. Kanuni hiyo inasema pikipiki ya mashindano ikisimama ili itengenezwe, lazima chini yake kuwe na mkeka. Siyo mkeka wa kulalia. Juu unanyonya, chini haupitishi kitu. Urefu usipungue sentimita 160, upana sentimita 100, na uweze kunyonya angalau lita 1. Bingwa au mwanagenzi, wote wanaweka. Asiyeweka anaadhibiwa.

Sasa pima na hapa kwetu. Injini ya Boxer inabeba oili kama lita 1. Yaani mkeka mmoja unatosha boda moja hata ikimwaga yote. Na sisi tunakosa mkeka wa namna hiyo? Shitingi, bana! Nani duniani anaijua shitingi kuliko mkimbizi? Tumelala chini yake, tumeanikia mahindi juu yake, tumezibia madirisha. Weka kipande cha shitingi iliyochakaa, mwaga juu maranda ya seremala, tayari unao mkeka wa FIM. Hakuna mradi wa kuandikia hapo, hakuna mzungu wa kusubiri.

Lakini angalia gereji zetu. Fundi anafungua bolti, oili nyeusi inaenda moja kwa moja chini. Mwingine anakinga kwenye jerikani lililokatwa ubavu, halafu jioni anamwaga nyuma ya kibanda. Wengine wanaimwaga barabarani ili kutuliza vumbi, au wanapaka kwenye miti ya nyumba ili mchwa wasile. Ukiwauliza wanasema, "Si tunaitumia?" Mnaitumia mpaka mvua ije. Mvua ikija, oili inashuka na mteremko, na mteremko wetu unaishia ziwani.

Hilo ziwa ndilo maji yetu. Ya bomba yanavutwa humo, yanasafishwa, yanaletwa kwenye vituo vya maji tunapopanga foleni. Klorini inaua vijidudu. Haiondoi oili wala unga wa chuma uliosagika ndani ya injini. Na uchafu siyo wetu peke yetu. Mto Rwizi unapita katikati ya Mbarara, mji wenye gereji kuliko kambi yetu yote, kisha unashuka kwenye mabwawa na maziwa haya ya Mburo na Nakivale kabla ya kwenda Kagera. Mwaka 2006 eneo hilo la Mburo na Nakivale liliandikwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye thamani duniani. Dunia inajua thamani yake. Sisi tunaoyanywa tunasema ni mambo ya wazungu.

Kuna anayesema, "Wewe unatuletea habari ya oili, na chakula kimekatwa." Ni kweli kimekatwa. Mwaka 2025 WFP iliondoa watu milioni moja kwenye mgao hapa Uganda. Lakini hebu fikiri: mgao ukikatwa, umebaki na nini? Umebaki na kipande chako cha shamba, na samaki wa ziwa, na maji. Mtu aliyebakiza vitu vitatu anamwagia oili vyote vitatu, halafu anasema hana muda wa mazingira kwa sababu ana njaa. Mwenye shibe ndiye anaweza kuchezea udongo. Sisi hatuwezi.

Na wasituambie hatujui kurejeleza. Tairi likiisha linakuwa viatu. Tyubu inakatwa kuwa kamba za kufungia mikungu ya matoke. Sproketi, cheni, rimu, vyote vinaenda kwa mtu wa skrapu, kwa kilo. Hata betri inauzwa, ila kwanza inamwagwa asidi chini. Mmeona kanuni yetu? Chenye bei kinaokotwa, kisicho na bei kinaachiwa ardhi. Fundi hakuzaliwa mchafu. Hakuna anayemnunulia oili chafu, basi.

Ndiyo maana sitaki lawama zote zimwangukie fundi. Lori linaleta katoni za oili mpya kutoka Mbarara, linarudi tupu. Kwa nini lirudi tupu? Kampuni inayotundika bango lake kwenye mashindano na kutupa kofia kwa watazamaji, kwa nini isibebe na uchafu wake? Kofia siyo usafi. Na usafi wa siku moja, wa kuokota kavera na kupiga picha, nao siyo usafi.

Hata wakubwa wana maonyesho yao. Mwaka 2024 MotoGP ilianza kutumia petroli ambayo angalau asilimia 40 yake haikuchimbwa ardhini, na lengo la 2027 ni asilimia 100. Vizuri. Lakini pikipiki zile zile zinapandishwa ndege kutoka bara moja kwenda lingine. Kwa hiyo tusiige matangazo yao. Tuige mkeka, kwa sababu mkeka unafanya kazi.

Kuna wazee watakaosema dawa ni kukataza mbio. Hapana. Kijana akikaa bila kazi na bila mchezo, mnajua anakoenda. Mashindano yawepo, lakini kwa masharti. Moja: pikipiki isiyo na shitingi chini yake isiingie kwenye mstari. Mbili: anayepanga mashindano aweke pipa la oili chafu, na mwenyekiti wa kila steji aweke lingine kwenye gereji yake. Tatu: muuzaji wa oili asiyekubali kurudisha oili chafu Mbarara, tusimnunulie, na bango lake lisionekane uwanjani.

Anayesema ni ngumu aniambie ni ngumu wapi. Shitingi tunayo.