Barua Moja, Kalamu Nyingi

Katika shule moja ya msingi iliyoko Makindye, mwendo mfupi kutoka kambi ya jeshi, binti wa darasa la saba alirudishwa nyumbani Jumatatu asubuhi kwa sababu ya karo, ilhali habari ya karo yake ilikwisha kuzungumzwa na kukubaliwa. Baba yake, askari aliyekuwa kazini Somalia, alikuwa ametuma nusu ya fedha kwa simu na kuahidi kwamba nusu ya pili ingefika mwisho wa mwezi. Mwalimu mkuu aliridhia, na mhasibu aliandika. Hata hivyo, saa tatu asubuhi mama mtu alimkuta bintiye akishuka kilima, mkoba mgongoni, wakati wenzake wameketi wakifanya jaribio la hesabu.

Mama huyo hakupiga kelele. Alichukua simu yenye ujumbe wa malipo, akamshika mtoto mkono, akapanda hadi ofisini. "Mwalimu," alisema, "kama kuna deni ambalo baba yake hakulielewa, naomba nielezwe, nami nitamweleza akipiga simu jioni."

Mwalimu mkuu alishangaa. Alifungua kompyuta yake na kumwonyesha barua pepe iliyotoka kwa mhasibu Ijumaa iliyopita. Ndani yake lilikuwamo jedwali, na mbele ya jina la binti yalikuwamo maneno haya: "Wamekubaliana, asirudishwe." Ndipo alipoitwa mwalimu wa darasa, naye akafungua barua ile ile katika kompyuta yake ya zamani. Jedwali halikuwamo. Palikuwa na salamu, mstari mmoja wa maandishi ya buluu, na jina la mhasibu. Kwa kuwa hakuona orodha mpya, mwalimu alikuwa ametumia orodha ya karatasi ya wiki iliyotangulia.

Katika ofisi ile hapakuwa na mwongo wala mzembe. Barua ilikuwa moja, lakini macho yaliyoisoma yalikuwa ya namna mbili.

Kipande kilicho hai

Kitu alichokitumia mhasibu huitwa Loop, nacho ni kazi ya kampuni ya Microsoft, yenye programu ya barua pepe iitwayo Outlook. Kampuni hiyo ilikitangaza mwezi wa Novemba 2021, na katika miaka iliyofuata kikaingizwa ndani ya barua. Aandikaye barua huweza kutia ndani yake kipande cha maandishi, orodha, jedwali au hesabu ya kura, na kipande hicho hubaki hai baada ya barua kupelekwa. Akiongeza neno mwalimu mkuu, mhasibu huliona papo hapo katika barua yake mwenyewe. Hapana haja ya kurudishiana barua kumi zenye majedwali kumi yanayopingana.

Siri yake ni kwamba jedwali lile halimo katika barua. Limewekwa katika ghala la mtandaoni la yule aliyeliandika, ghala liitwalo OneDrive, na barua ni kama dirisha la kulitazamia. Kila mpokeaji hupewa dirisha lake, lakini chumba kinachotazamwa ni kimoja.

Fikra hiyo si ngeni. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Marekani, mtaalamu Douglas Engelbart aliwaonyesha watu jinsi wawili walio mbalimbali wanavyoweza kushughulikia maandishi mamoja katika kioo cha kompyuta. Mwaka 1971 Ray Tomlinson alipeleka barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao. Mwezi wa Mei 2009 kampuni ya Google ilitangaza Wave, chombo kilichokusudiwa kuunganisha mambo hayo mawili, yaani barua na uandishi wa pamoja. Watu wengi hawakukielewa, na mwezi wa Agosti 2010 kampuni ikatangaza kwamba haitakiendeleza. Safari hii kipande hai kimetiwa ndani ya programu ambayo maofisi yameizoea tangu mwaka 1997, na hilo ndilo lililokifanya kiingie kazini bila hodi.

Matoleo si mamoja

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Watu husema "Outlook" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ni jina la programu kadhaa. Iko Outlook mpya ya kompyuta za Windows. Iko ile inayofunguliwa ndani ya kivinjari cha intaneti. Iko ile ya zamani ambayo ofisi huilipia kwa mwaka au mwezi nayo huongezewa mambo mapya kila mara. Yako pia matoleo yaliyonunuliwa mara moja, kama la mwaka 2016 na la mwaka 2019, ambayo hubaki jinsi yalivyonunuliwa. Tena iko ya simu ya mkononi.

Katika aina tatu za mwanzo, mwenye akaunti ya kazi au ya shule iliyoruhusiwa huona kipande kikiwa hai na huandika ndani yake. Katika matoleo ya kununuliwa mara moja, kama lile la mwalimu wa darasa, huona kiungo tu, yaani ule mstari wa buluu, ambao akiubonyeza humpeleka kwenye kivinjari. Katika simu, mambo hutegemea programu iliyomo na jinsi ilivyo mpya. Atumiaye programu ya kampuni nyingine kabisa naye hupata kiungo.

Yafaa ijulikane pia kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuyatengenezea kinga matoleo ya mwaka 2016 na 2019. Kwa hiyo kompyuta yenye toleo hilo ina upungufu mkubwa kuliko wa kutoona majedwali, kwa maana mlango wake hauna mlinzi tena.

Kwa nini mwalimu hakubonyeza

Mwalimu wa darasa alipoulizwa kwa nini hakuubonyeza mstari wa buluu, alijibu kwamba watu wameonywa mara nyingi wasibonyeze viungo wasivyovijua. Jibu hilo halina kosa. Matapeli wengi huiba nenosiri kwa viungo kama hivyo, na aliyejizuia amefanya jambo la busara. Lawama, ikiwa ipo, ni ya barua isiyojieleza. Mhasibu aliandika tu, "Tafadhali tazameni hapa chini." Kwake yeye, hapo chini palikuwa na jedwali zuri lenye rangi. Kwa mwenzake palikuwa na mstari wa kutia shaka.

Laiti angaliandika sentensi moja zaidi, ya kawaida, isiyo hai, kwamba mwanafunzi fulani wa darasa la saba wamekubaliana na mzazi na asirudishwe, mtoto angalikuwa darasani.

Hatari ya pili

Iko hatari nyingine, nayo huwapata hata wale wenye matoleo mapya. Barua ya kawaida ikishapelekwa haibadiliki. Aliyeandika shilingi laki tatu ameandika laki tatu, na miezi sita baadaye barua itashuhudia hivyo. Kipande hai hakina tabia hiyo. Mtu akikifungua leo ataona maneno ya leo, hata kama barua ilipelekwa mwezi uliopita. Iwapo mmoja amefuta neno "wamekubaliana" kwa bahati mbaya wakati akisogeza kidole, wote watakuta limefutwa.

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Walisema pia kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kipande hai ni ubao wa kufanyia kazi. Hakijawa daftari. Ni kweli kwamba faili yake ikifunguliwa katika kivinjari huweza kuonyesha historia ya mabadiliko, na kwa njia hiyo maneno ya zamani huweza kupatikana. Lakini si kila mtu ajuaye kuitafuta, na mama aliyesimama mlangoni na mtoto wake hawezi kungojea itafutwe.

Tena, kwa kuwa kipande kimo katika ghala la mwandishi, uhai wake hufuata ghala hilo. Mwenye ghala akiifuta faili, au akihama kazi na akaunti yake ikafungwa na kuondolewa, madirisha yote hubaki yakitazama chumba kitupu. Mambo ya karo, ya akiba ya chama cha kina mama, au ya zamu za ulinzi wa mtaa hayafai kuachwa juu ya nguzo moja namna hiyo.

Nani anaruhusiwa kuingia

Jambo jingine ni ruhusa. Katika ofisi nyingi kipande hufunguliwa na mtu yeyote wa ofisi ile ile aliye na kiungo, naye huweza kuandika. Mwandishi huweza kupunguza ruhusa hiyo, akataja watu maalumu au akawaachia kusoma tu. Mtu wa nje, mathalani mzazi mwenye anwani yake binafsi, aghalabu hukataliwa mpaka msimamizi wa ofisi afungue njia. Kwa sababu hiyo barua yenye kipande hai ikipelekwa mbele kwa mzazi, huenda akapata salamu tu.

Kwa familia za askari na polisi, wawe Makindye, Nsambya au Kibuli, hapana budi kuongeza tahadhari. Jedwali ambalo watu ishirini wanaweza kulifungua si mahali pa kuandika kwamba baba wa mtoto yuko kituo gani, atarudi lini, au kikosi chake kimepelekwa wapi. Yatosha kuandika kwamba malipo ya pili yatafika mwisho wa mwezi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu nayo hudai kwamba anayekusanya habari za watu achukue zile tu zinazohitajika na azitunze vema.

Utaratibu uliofuata

Siku ile binti alirudishwa darasani kabla ya saa nne, akapewa muda wake kamili wa jaribio katika chumba cha maktaba. Mwalimu wa darasa alimwomba radhi mama, na mama akaipokea. Kisha mwalimu mkuu aliwaita mhasibu na walimu, wakapatana mambo machache ambayo yangefaa ofisi yoyote na chama chochote.

Kwanza, iulizwe kila mmoja anatumia toleo gani, na barua ya majaribio ipelekwe kabla ya barua ya kazi. Pili, uamuzi wowote unaomgusa mtu uandikwe kwa maneno ya kawaida ndani ya barua yenyewe, na kipande hai kiachiwe mambo yanayoendelea kubadilika, kama vile nani ataleta viti siku ya michezo. Tatu, barua yenye kiungo ieleze kiungo hicho ni cha nini na kimetoka kwa nani, na mwenye shaka apige simu kwanza. Nne, kila Ijumaa jioni jedwali lichapishwe, litiwe tarehe na saini, na kuwekwa katika jalada. Tano, mwalimu asimrudishe mtoto nyumbani kwa orodha isiyo na tarehe ya wiki hiyo.

Kompyuta ya mwalimu wa darasa haikubadilishwa siku ile, kwa kuwa fedha hazikuwapo. Ameonyeshwa jinsi ya kufungua barua zake ndani ya kivinjari, ambamo jedwali huonekana kama linavyoonekana kwa mhasibu. Hilo halikugharimu chochote ila robo saa.

Jioni baba alipopiga simu aliuliza kama mtoto anasoma. Mama alimjibu kwamba anasoma, na kwamba jaribio la hesabu amelimaliza.